Siku Baba Alipong'oa Mabati

Msumari wa zamani ukichomolewa kwenye ubao hulia. Nyundo inayogonga kila mtu huipenda, kwa sababu ni sauti ya nyumba inayojengwa, lakini msumari unaotoka una mlio mwembamba, mrefu, wa kutia meno ganzi, halafu bati zima linatikisika na kupiga kelele. Msimu ule nilikuwa mwaka wa sita wa shule ya msingi, hapo Beu, mjini Beni, mashariki mwa Kongo, na mlio huo ndio uliokuwa ukituamsha kuliko jogoo, kuliko hata kengele ya misa. Ulikuja mara kutoka avenyu ya juu, mara kutoka ng'ambo ya soko, na mama alisimama katikati ya uwanja na mwiko mkononi, akisikiliza ni upande gani, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Tena bengine." Maana kwetu mtu anayehama kweli haanzi na kitanda wala sufuria. Anaanza na mabati, manjanja kama tunavyoyaita. Kuta za udongo huwezi kuzibeba, lakini mabati yanafungwa kamba, yanalazwa chini kabisa ndani ya lori, magodoro yanapandishwa juu yake, na huko unakokwenda, iwe Butembo au Kirumba, umefika na nusu ya nyumba. Kwa hiyo hata sisi watoto tulijua kusoma mtaa. Mlango wenye kufuli na mabati juu yake: huyu ameenda kulala kwa ndugu, atarudi. Kuta tupu zinazotazama mawingu: huyu basi, usimngoje.

Na walikuwa na sababu ya kuhama, nani aseme hawakuwa nayo? Watu wa mapanga walikuwa wakitoka msituni na kuwakuta wakulima mashambani, mchana kweupe, mtu ameinama anavuna. Tulizika jirani, tukazika fundi wa baiskeli, tukazika binti wa kwaya ambaye wiki iliyotangulia alikuwa ameniazima utepe wa nywele. Shule ilifungwa, ikafunguliwa, ikafungwa tena, mpaka tukaacha kupiga pasi sare. Baba yangu alikuwa na shamba la kakao upande ule ule wa msitu. Alienda asubuhi pamoja na wanaume wengine, wakitembea kwa kundi kama watoto waendao komunyo, na mama hakutia chakula kinywani mpaka asikie kikohozi cha baba penye ua. Bugali ulipoa, sombe ya majani ya muhogo ikapoa, na yeye amekaa tu, macho njiani. Tukimwambia, "Mama, kula," alijibu kwamba amekwisha kula. Uongo mtupu! Tulikuwa tunauona mkono wake ukiwa mkavu.

Baba yangu, Kambale, alikuwa mtu wa maneno, na msomaji atanisamehe, maana ugonjwa huo nimeurithi. Kila Jumamosi watu wa shirika letu, yaani familia za Kikatoliki za avenyu ile, walikutana nyumba kwa nyumba kusali, na baada ya sala walizungumza jambo moja tu: nani ameondoka, nani anaondoka. Hapo baba alisimama. "Mukataa kwao ni mutumwa," alisema, na wazee wakatikisa vichwa. Alisema kakao ile aliipanda kwa mikono yake, mche mmoja mmoja, na ukiondoka leo, kesho mwingine anavuna, na kesho kutwa anakuambia shamba ni la babu yake. Alisema kule Butembo watu waliokimbia wanalala chumba kimoja kama maharagwe ndani ya gunia. Siku moja, moto wa maneno ukamzidi, akainua kidole mbele ya watu wote: "Mimi Kambale, siku mutaniona natosha manjanja juu ya nyumba, hapana kuniuliza kitu. Mujue imeharibika. Mukimbie tu." Watu walicheka, lakini walilishika lile neno na kwenda nalo nyumbani. Tangu siku ile, mlio wa msumari ulipoanza mahali fulani, majirani walitoka nje na kuangalia kwanza paa letu. Mabati yetu yakiwepo, waliingia ndani kuendelea na kazi zao. Baba aliliona hilo, na likampendeza kupita kiasi. Ulimi hauna mfupa, lakini siku nyingine unamvunja mwenyewe mgongo.

Mama hakusema kwenye shirika. Yeye ni mtu wa Butembo, binti wa wachuuzi, watu wanaohesabu kabla ya kusema, na alipogombana na baba aligombana kwa kunyamaza. Kaka yake alikuwa huko Butembo na vyumba viwili alivyomtengea, naye alipiga simu kila baada ya misa ya Jumapili kuuliza, "Munakuya ao hapana?" Mama alimpa baba simu, baba akamwambia shemeji yake kwamba wataona, akamrudishia mama simu, na hakuna aliyesema neno mpaka jioni. Nakumbuka mara moja tu walijibizana mbele yetu. Baba alikuwa anageuza kakao ndani ya sanduku la mbao ambamo huchachushwa kabla ya kuanikwa, na ile harufu kali, kama ya pombe iliyoanza kuwa siki, ilikuwa imejaa uwanja mzima.

"Kakao haiko na miguu," baba akasema bila kuinua kichwa. "Siwezi kuiambia tuende."

"Batoto beko na miguu," mama akajibu.

Baba akageuza kakao. Mama akaingia ndani. Mimi na mdogo wangu Paluku tukatazamana, tukajua kwamba hapo pameshasemwa kila kitu na hakuna aliyemsikia mwenzake. Hiyo ndiyo ilikuwa hofu yangu kubwa msimu ule, kubwa kuliko mapanga, na niliona haya kuwa nayo: kwamba mama ataondoka, baba atabaki, na sisi tutakatwa katikati kama mkate.

Basi Ijumaa moja baba akarudi kutoka mjini na furaha isiyo ya kawaida. Alitutangazia, mama akiwepo, kwamba amenunua mabati mapya. Yale ya zamani yalikuwa yamekula kutu, mvua ilikuwa inadondoka juu ya kitanda chetu na juu ya kakao iliyokauka. Kesho asubuhi atayang'oa ya zamani, na mchana mwenye chukudu ya kubebea mizigo ataleta mapya kutoka dukani. "Nyumba yenye manjanja ya mupya," alisema akimwangalia mama, "haimuambiake mutu aende." Ilikuwa hoja yake ya mwisho, nayo ilikuwa hoja nzito, maana nani anaezeka nyumba anayotaka kuikimbia? Mama alisema, "Sawa." Akaendelea kumfunga Paluku bendeji kidoleni. Majirani baba hakuwaambia. Alitaka waone wenyewe paa likimetameta, wastaajabu, wamsifu. Nilikwishasema alivyokuwa.

Asubuhi ya Jumamosi akapanda. Ngazi ilishikwa na jirani yetu, Mwalimu Mukendi, mtu wa Kasai aliyeletwa na serikali kufundisha kwetu, mpole, mrefu kama nguzo ya umeme, ambaye Kiswahili chake kilikuwa nusu Kifaransa. Mimi nilipewa kopo la kuwekea misumari, kwani baba hakutupa msumari; aliunyoosha juu ya jiwe, ukafanya kazi tena. Wa kwanza ukatoka. Ukalia. Bati likapiga kelele, na ile kelele ikashuka avenyu yote. Mlango wa pili ng'ambo ya njia ukafunguka, akatoka Mama Katungu, kiongozi wa sala katika shirika letu, mikono imejaa unga wa muhogo. Akaangalia juu. Sijawahi kuona uso ukizima namna ile.

Sasa mtu wa mbali atauliza, kwa nini hakuuliza? Neno moja tu, "Papa Masika," maana walimwita kwa jina langu, "unatengeneza ao unaenda?" na mambo yote yangekwisha. Lakini msimu ule hatukuwa tunaulizana safari. Mpelelezi naye huuliza: unaenda lini, unapita wapi, unabaki na nani? Aliyeuliza sana alitiliwa shaka, na aliyejibu sana alionekana mjinga. Kumkuta mtu juu ya nyumba yake aking'oa mabati na kumuuliza aendako ilikuwa kama kumuuliza mgonjwa atakufa siku gani. Ulimsalimu kwa jicho, ukaenda kujitafutia. Na huyu wa leo alikuwa Kambale mwenyewe, aliyetuambia sote tusimuulize.

Mama Katungu hakumuuliza baba, lakini alivuka njia, akasimama penye ua wetu, akamwangalia mama. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti kifupi anachagua maharagwe. Waliangaliana. Nilikuwa hatua chache kutoka hapo, kopo mikononi, na nilimwona mama vizuri, wala sijasahau. Aliweka ungo chini. Akasimama, akaenda kwenye kamba ya nguo, akaanza kuanua. Nguo alikuwa amezifua muda si mrefu; zilikuwa bado zinadondosha maji. Akazikunja hivyo hivyo zikiwa mbichi, moja juu ya nyingine, polepole, kama mtu anayefunga mzigo. Mama Katungu akafunga macho, akajifanyia ishara ya msalaba kwa ile mikono yenye unga, na akarudi kwake mbio. Hakuna aliyesema uongo. Hakuna aliyesema chochote. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo wenyewe ukaanza.

Kwanza lilianza bati moja kwa Mama Katungu. Halafu nyumba ya pili. Halafu sikuweza tena kujua ni wapi, kwa sababu ile milio ilikuwa imeungana, avenyu nzima inalia ule mlio wa kutia meno ganzi. Ukiona mwenzio ananyolewa, chako tia maji, nao walitia maji kwa wingi siku ile. Baba huko juu, masikini, alikuwa na misumari mdomoni na hakufikiria mabaya. Alisikia, akatoa misumari, akamwambia mwalimu huku akicheka, "Leo bote banatengeneza nyumba? Nimekuwa mufano!" Mwalimu naye, ambaye mambo ya mabati hakuwa anayajua, akasema, "C'est bien, Papa Masika, ni vizuri." Nilitamani kucheka na nilitamani kulia. Kisha lori likaingia avenyu kinyumenyume, godoro la Mama Katungu likapanda, na baba akaacha kucheka.

Alishuka ngazi kwa kuruka. Akakimbia kutoka mlango hadi mlango, miguu mitupu, akiuliza munaenda wapi, kumetokea nini. Mzee wa nyumba ya kona alimwangalia kwa uchungu. "Papa Masika," akamwambia, "njo weye unatuuliza?"

"Mais mimi natengeneza nyumba! Manjanja ya mupya iko inakuya!"

"Ya mupya?" mke wa yule mzee akadakia. "Eh Nyamuhanga, Mungu wetu! Nani ananunuaka manjanja mu wakati huu? Unajua kitu, unatuficha. Unataka tufie hapa?"

Kadiri alivyoapa ndivyo walivyoharakisha. Aliapa kwa jina la baba yake, aliapa kwa Bikira Maria, sauti ikamkauka. Mtu aliyekuwa ameaminiwa kwa kila neno msimu mzima sasa hakuaminiwa hata kwa moja. Kina mama walikuwa wanafunga watoto migongoni, kuku wanapiga kelele ndani ya vikapu, mtu amesahau chungu motoni na kunde zinaungua, na hiyo harufu ya kunde zilizoungua ndiyo ilikuwa harufu ya avenyu yetu ikifa. Baba alirudi uwanjani kwetu anahema. Akamkuta mama amekwisha kufunga vifurushi. Akamtazama, akatazama kamba tupu ya nguo, na nadhani hapo alielewa. Mama naye akasimama wima. Ningekuwa na ujasiri ningewapigia kelele: Semeni! Semeni basi!

Ndipo chukudu ikafika, ule usafiri wetu wa mbao wa magurudumu mawili, kijana anausukuma kwa goti, mabati mapya yanang'aa juu yake, akipita katikati ya watu wanaohama kama mtu aliyeleta keki ya harusi kwenye matanga. Baba aliyapokea. Dereva wa lori akapiga honi na kusema nafasi ipo ya familia moja, na mabati hayo yanaingia vilevile, lakini upesi. Kila kitu kilikuwa hapo, kimepangwa kana kwamba na shetani mwenyewe: lori, nafasi, mabati hata hayajapigwa msumari. Hakukuwa tena na avenyu ya kubaki. Mama alimwangalia baba. Baba aliangalia mabati.

"Enda na batoto," akasema.

"Donc weye unabaki."

"Mimi niko na kazi."

Tukapandishwa. Mama alikaa mwisho kabisa, karibu na mlango wa nyuma, kifurushi magotini, na hakukiweka chini. Lori halikuondoka mara moja, kulikuwa na turubai la kufunga. Baba alipanda tena juu, mwalimu akampokeza bati la kwanza jipya, na nyundo ikaanza. Mara ikanyamaza. Sote tulioketi ndani ya lori tukainua vichwa, mama akashika ukingo wa lori kwa mikono miwili, Paluku akasema, "Papa anakuya." Baba alikuwa amesimama juu ya nyumba, ametugeukia. Alikaa hivyo kwa muda. Kisha akatoa msumari mwingine mdomoni, akainama, na nyundo ikaendelea. Lori likaondoka. Paluku alilia hadi tukauacha mji. Mimi sikulia, nilikuwa nimekasirika mno.

Butembo ilitupokea kwa baridi yake, mikaratusi yake na vilima vyake vya vumbi jekundu, na vyumba viwili vya mjomba vilikuwa kweli vinatungoja. Mama akaanza kuuza mafuta ya mawese. Tukala, tukasoma, na hakuna aliyetukata shingo. Ni neema, siikufuru. Lakini kila redio iliposema Beni, mama aliacha kupima mafuta, mkono ukabaki hewani, mteja akangoja. Siku fulani simu ya baba haikupatikana, na mama alitembea chumbani kutoka ukuta hadi ukuta hadi nilipomwomba akae, kichwa kinaniuma. Halafu baba akapiga. Alikuwa hai. Watu wa mapanga hawakuwahi kufika avenyu yetu msimu ule. Walipita kwingine, wakaua kwingine, watu wasiohama. Familia kadhaa zikarudi ziliposikia kwamba Kambale bado yupo. Mama Katungu hakurudi. Alikwenda Kirumba, kisha akavuka mpaka kuingia Uganda, na ameshazeeka huko, akiamini hadi leo kwamba baba alimwokoa.

Sasa mimi ni mama wa mtoto, mchuuzi wa vitenge hapa Butembo, na wageni wenye huruma hutujia kuuliza kwa nini watu wanahama na kwa nini wengine wanabaki. Tunawajibu: vita. Wanashukuru, wanaenda zao. Si uongo. Lakini mimi nimeona avenyu nzima ikihama kwa ajili ya nguo mbichi, na nimeona mtu akibaki mahali ambapo hakuna aliyebaki. Tangu siku ile baba na mama hawajawahi kuishi tena chini ya paa moja. Hawakuachana, Kanisa halijui kitu. Kila Noeli baba huja na gunia la ndizi, mama anamtandikia kitambaa kipya mezani, anamtolea sahani za wageni, anamwambia karibu. Karibu! Mume wake! Noeli iliyopita nikachoka. Nikamfuata mama jikoni, nikamuuliza wazi: siku ile kwenye lori ulikuwa unawaza nini? Akaendelea kukoroga. "Nilizani atapanda," akasema. Nikaenda sebuleni, nikamuuliza baba swali lilelile. Akasema alikuwa amejisifu sana mbele ya watu, na mtu aliyejisifu vile hapandi lori mpaka aombwe. Kisha akasema, "Na nilizani atashuka." Mlango wa jikoni ulikuwa wazi. Mama alisikia. Mwiko ukasimama ndani ya sufuria, halafu akatuita tukale, na wakakaa mezani wakipitishiana chumvi kwa adabu, wazee wawili waliopendana na kungojana mpaka wakati ukawapita.

Mume wangu, Mumbere, yuko Kampala. Alikwenda kutafuta bidhaa, barabara ikaharibika, akapanga chumba, akapata kibanda, na kila jioni tunaongea kwa simu: mtoto ameamkaje, biashara inaendaje. Huwa ananiambia, "Ukitaka kuya, kuya." Nami humjibu, "Tutaona." Majirani wananisifu kwa uvumilivu. Siku baba aliporudi Beni baada ya Noeli, nilimpigia mume wangu kabla hajanipigia. "Mumbere," nikamwambia, "mimi siende Kampala. Ninataka urudie hapa. Nakuhitaji." Na nilijua ninamwita wapi, maana asubuhi ile ile watu wengine waliokimbia mapanga walikuwa wameingia mjini kwetu na vifurushi vichwani. Nyuma yake nilisikia pikipiki za Kampala zikipita. Akaanza, "Masika, mimi nilizani..." Nikamkatiza hapohapo, neno hilo nimeshiba nalo. "Hapana kuzani," nikasema. "Uliza." Akaniuliza kama nataka arudi kweli, hata sasa, hata kwa hali hii. Nikasema ndiyo, upesi, kabla hofu haijanishika mdomo.